Binti ameshinda shule: chata ni nini, na kwa nini kila mtu anaieleza vingine

Ujumbe uliingia kwenye kundi letu la WhatsApp alfajiri kwa saa za Kigoma. Kundi lina watu wa Kasulu, Uvira na Bujumbura ambao maisha yamewatawanya, na aliyeandika ni mama mmoja aliyefikia St. Paul, jimbo la Minnesota huko Marekani, baada ya miaka mingi ya kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu. "Jamani, binti yangu ameshinda bahati nasibu ya shule. Ni sekondari ndogo, wanaiita chata. Wamenipa siku chache nijibu. Nikubali?"

Kufika saa nne asubuhi majibu yalikuwa yamejaa. Mzee mmoja wa Uvira alionya kwamba kamari ni kamari hata ikichezeshwa na walimu. Kijana wa Mombasa alikuwa anazijua ndege za chata zinazoleta watalii, basi akahitimisha kuwa hiyo ni shule ya kukodi, ya wenye nazo, na ada itakuja tu baadaye. Dada aliyeko Texas akasema kinyume chake: hizo ni shule za watoto walioshindikana. Mwingine akatuma sauti ya dakika nne kueleza kwamba hakuna shule bora kuliko hizo Marekani nzima.

Hakuna aliyekuwa anadanganya. Kila mmoja alikuwa amesikia jambo moja kuhusu shule moja, akazivisha shule zote. Nilimjibu yule mama kwa kifupi, nikaahidi kuandika kwa kirefu, kwa kuwa swali lake wanalo wazazi wengi wanaosoma Kiswahili kule ughaibuni, na ndugu huku nyumbani ndio wanaoombwa ushauri.

Karatasi yenye saini mbili

Kwa Kiswahili chata tunaijua kama alama: chata ya kampuni kwenye mfuko wa saruji, chata wanazochora vijana ukutani. Hii ya shule imetoka kwenye neno jingine la Kiingereza, na maana yake ni hati: mwenye mamlaka anampa mtu ruhusa ya kufanya kazi fulani, kwa masharti na kwa muda. Upande wetu wa dunia tulikutana na hati za namna hiyo mapema, tena si kwa heri. Mwaka 1888 kampuni ya Imperial British East Africa ilipewa chata na Malkia wa Uingereza, ikaanza kujishughulisha na kutawala nchi za watu kana kwamba ni duka lake. Ray Budde, mhadhiri wa Chuo Kikuu cha Massachusetts aliyelichukua neno hilo na kulipeleka kwenye elimu, yeye alikuwa anawawaza mabaharia wa zamani kama Henry Hudson: unapewa merikebu na posho, unaambiwa uende wapi, usukani unaushika mwenyewe, na ukirudi unatoa hesabu.

Sasa tulishushe darasani. Shule ya chata ni shule ya umma. Inalipwa kwa kodi, haitozi ada, na watoto wake wanafanya mitihani ileile ya jimbo. Ila haiendeshwi na ofisi ya elimu ya wilaya. Ina bodi yake, inaajiri walimu wake, inapanga siku yake ya masomo, na inafanya hayo yote chini ya mkataba ulioandikwa. Upande wa pili wa mkataba yupo anayeitwa mwidhinishaji. Kulingana na jimbo, anaweza kuwa wilaya ya elimu, chuo kikuu, taasisi ya serikali, au, kama ilivyo Minnesota, hata shirika la hisani lililokubaliwa na idara ya elimu. Mwidhinishaji hafundishi wala hasimamii zamu ya chakula. Kazi yake ni kukagua, na muda wa mkataba ukiisha ana mawili ya kufanya: kuuongeza au kuifunga shule.

Biashara yenyewe ni hiyo: shule inapewa uhuru ambao shule ya kawaida haiwezi hata kuuota, na kwa uhuru huo inakubali kwamba inaweza kufungwa.

Msomaji wa Tanzania ana mfano jirani kabisa, hospitali teule ya wilaya. Jengo ni la kanisa, uongozi ni wa kanisa, lakini serikali inalipa watumishi na wananchi wanaitumia kama hospitali yao ya wilaya. Msomaji wa Kongo anao wa karibu zaidi: zile ekole konvansione zilizotokana na makubaliano ya mwaka 1977 kati ya serikali na makanisa, ambapo dola inawajibika kwa mshahara na mapadri au wachungaji wanaongoza shule. Ukiwa umesoma kwa Wakatoliki Bukavu huku mwalimu wako yuko kwenye orodha ya mishahara ya Kinshasa, umeshaelewa nusu ya jambo.

Nusu ya pili inatofautiana, na hapa ndipo wengi wetu tunateleza. Shule ya chata haiwezi kuwa ya dhehebu. Oklahoma walijaribu. Shule ya Kikatoliki ya mtandaoni iliyoitwa St. Isidore ilipewa chata, kesi ikafika Mahakama ya Juu ya jimbo, na mwezi Juni 2024 majaji wakasema haiwezekani, maana shule ya chata ni ya umma. Ikapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani. Tarehe 22 Mei 2025 majaji wakagawanyika wanne kwa wanne, mmoja akiwa amejitoa kwenye shauri, na kura zikilingana hivyo uamuzi wa chini unabaki palepale. Kwa hiyo kijana wetu wa Mombasa aliyedhani ni ya binafsi hana haja ya kuona haya. Majaji wakuu wa nchi hiyo nao wameulizwa kama ni ya umma au ya binafsi, na hawajamaliza.

Ilianzia kwenye jumba la michezo

Ni bahati tu kwamba huyu mama amefikia St. Paul, kwa sababu shule ya kwanza ya chata Marekani nzima ilifunguliwa mji huohuo, na ilikuwa ya aina ileile anayoulizia: sekondari ndogo.

Budde alikuwa ameandika wazo lake tangu miaka ya 1970 na hakuna aliyemsikiliza. Mwaka 1988 akalichapisha upya, na mwaka huohuo Albert Shanker, rais wa mojawapo ya vyama viwili vikubwa vya walimu nchini humo, akalitangaza Washington: walimu waruhusiwe kuanzisha shule ndogo za kujaribu mbinu mpya, hasa kwa watoto ambao shule za kawaida zinawashindwa. Naomba msomaji alishike hilo. Wazo ambalo leo vyama vya walimu vinalipiga vita lilipigiwa debe kwanza na kiongozi wa chama cha walimu. Shanker mwenyewe aligeuka miaka michache baadaye, alipoona linaelekea kwenye ushindani na biashara.

Minnesota ikapitisha sheria ya kwanza mwaka 1991. Aliyeisukuma bungeni alikuwa Ember Reichgott, seneta wa jimbo wa chama cha Democratic, na aliyeitia saini alikuwa gavana wa Republican, Arne Carlson. Sheria iliruhusu shule nane tu jimbo zima, na ilitaka walimu wawe wengi kwenye bodi. Septemba 1992 ikafunguliwa City Academy, katika jumba la burudani na michezo la manispaa upande wa mashariki wa mji. Walimu wachache, wanafunzi wapatao 35, karibu wote vijana waliokuwa wameacha shule. Mpira wa kikapu ulichezwa jirani na somo la hesabu.

Kwa hiyo dada wa Texas aliyesema ni za watoto walioshindikana alikuwa ameshika mwanzo wa historia. Ila historia haikusimama. California ilifuata mwaka 1992, majimbo mengine yakamiminika, na leo watoto kama milioni 3.7 wanasoma kwenye shule hizi, takriban 7 au 8 kati ya kila 100 walio shule za umma. New Orleans, baada ya kimbunga Katrina cha mwaka 2005, iligeuza karibu shule zake zote kuwa za chata. Kuna za sayansi, za ufundi, za muziki, za lugha mbili, za mtandaoni. Kuna za makampuni yanayoendesha shule kadhaa kama matawi ya benki, na kuna za walimu sita waliokodi ghorofa juu ya duka. Zote zina hati ya aina moja. Ndiyo maana mtu akiniuliza "shule za chata ni nzuri?" huwa namjibu kwa kumuuliza kama magari yenye leseni ya abiria ni mazuri.

Hesabu ya vichwa

Hapa nitakaa kidogo, maana nadhani ndipo siri ya shule ndogo ilipo, na kipeperushi cha shule hakitakwambia.

Wakenya wanaijua kapitesheni: serikali iliweka kiwango cha shilingi 22,244 kwa kila mwanafunzi wa sekondari ya kutwa kwa mwaka, na mkuu wa shule anaishi kwa kuhesabu vichwa. Minnesota ni hivyohivyo, tarakimu tu ndizo tofauti. Mwaka wa masomo wa 2024–25 fedha ya msingi ilikuwa dola 7,281 kwa kila kipimo cha mwanafunzi, na mwanafunzi wa darasa la saba hadi la kumi na mbili anahesabiwa kama 1.2. Kwa hiyo kila kijana wa sekondari anakuja na dola 8,737 hivi. Shule yenye vijana 100 ina dola kama 873,700 za kuanzia, kabla ya nyongeza nitakazozitaja baadaye.

Kwa sikio la Kasulu hizo ni pesa za kujenga kata nzima. Kule haziendi mbali. Tuseme, kwa mfano tu, mwalimu mmoja pamoja na bima na pensheni yake anagharimu dola 80,000. Walimu saba, ambao ndio uchache wa kuanzia ukitaka hesabu, sayansi, Kiingereza, historia na mengineyo, wamekula 560,000. Zilizobaki ndizo za mkuu wa shule, karani, mshauri wa wanafunzi, umeme, kupasha moto jengo miezi sita ya baridi, kompyuta na mkaguzi wa hesabu. Shule ya vijana 1,500 nayo ina mkuu mmoja. Gharama ya mkuu huyo inagawanywa kwa vichwa 1,500. Hapa inagawanywa kwa 100.

Halafu kichwa chenyewe hakihesabiwi mara moja Septemba yakaisha. Kinahesabiwa kwa wastani wa mwaka mzima. Kijana akikosa siku 15 za masomo mfululizo, sheria ya Minnesota inataka aondolewe kwenye orodha, na tangu siku hiyo pesa yake inasimama. Sasa fikiria shule ambayo watoto wake wengi wanaishi kwenye nyumba za kupanga na wanahamishwa kodi ikiwashinda. Wakiondoka kumi wakati wa Krismasi, shule imepoteza zaidi ya dola 43,000 za nusu mwaka uliobaki, yaani zaidi ya mshahara wa nusu mwaka wa mwalimu mmoja. Lakini hao kumi hawakutoka darasa moja. Wametoka wawili hapa, watatu pale, na hakuna somo hata moja ambalo sasa halihitaji mwalimu.

Wilaya ya kawaida ina njia mbili ambazo shule ya chata haina. Inaweza kuwaomba wapiga kura wakubali nyongeza ya kodi ya majengo, na inaweza kujenga shule. Chata ya Minnesota haitozi kodi, na hairuhusiwi kutumia pesa za jimbo kununua jengo. Inapanga. Jimbo linasaidia pango hadi asilimia 90, au dola 1,314 kwa kila kipimo cha mwanafunzi, kile kilicho kidogo. Ndiyo sababu utazikuta shule hizi katika majengo yaliyokuwa maghala, ofisi, shule za kanisa zilizofungwa. Mzazi anayefika na kuona hakuna uwanja wa mpira asidhani amedanganywa. Hata maabara yenye bomba la gesi inaweza kukosekana, na hilo la maabara mimi ningeliuliza mapema kama mtoto anataka udaktari.

Umaskini unavyopimwa kwa sahani

Mkisikia "asilimia 90 ya wanafunzi ni wa kipato cha chini," mjue hakuna aliyekwenda nyumba kwa nyumba kama wanavyofanya waratibu wa TASAF, ule mfuko wa Tanzania unaosaidia kaya maskini. Kipimo cha kawaida Marekani ni chakula cha mchana. Familia yenye kipato kisichozidi asilimia 130 ya mstari wa umaskini, mtoto anakula bure. Isiyozidi asilimia 185, analipa bei ya punguzo, isiyopita senti 40. Mwaka wa masomo wa 2024–25, kwa nyumba ya watu wanne, hiyo ilikuwa dola 40,560 na dola 57,720 kwa mwaka.

Najua huku watu watacheka: maskini wa dola elfu arobaini! Basi toa kodi ya nyumba ya vyumba viwili, bima ya gari, nepi za mdogo, na hela unayotuma Kigoma kila mwezi, kisha tuchekeshane tena.

Jambo lililowachanganya wengi ni hili. Tangu mwaka wa masomo wa 2023–24, Minnesota inawalisha bure watoto wote, tajiri na maskini. Wazazi wakaona ile fomu ya kipato haina kazi tena, wakaitupa. Kumbe fomu haikuwa ya chakula peke yake. Idadi ya watoto wa kipato cha chini ndiyo inayotumika kugawa zile nyongeza nilizozitaja, kuanzia ruzuku ya jimbo kwa shule zenye watoto wengi maskini hadi pesa za shirikisho za mpango wa Title I, ulioanza mwaka 1965. Kwa shule kubwa, fomu ishirini zilizopotea hazitikisi kitu. Kwa shule ya watoto 100, ni mshauri mwenye kazi au asiye na kazi. Mwalimu mkuu akikupigia simu mara tatu kuhusu karatasi hiyo, hakuchimbi. Anaomba usimpotezee mfanyakazi.

Wengine wanaogopa kujaza kwa sababu ya hofu ya uhamiaji. Hofu hiyo naielewa, hasa siku hizi. Ila shule haiwezi kumkataa mtoto kwa sababu ya hati za uraia. Mahakama ya Juu ya Marekani ilishalisema hilo mwaka 1982 katika kesi ya Plyler, na linaihusu shule ya chata kama inavyoihusu ya wilaya. Vilevile shule inayopokea fedha za shirikisho inawajibika kuwasiliana nawe kwa lugha unayoielewa. Ukihitaji mkalimani wa Kiswahili, uliza mkalimani. Asiwe mtoto wako, maana mtoto anatafsiri ripoti yake mwenyewe kwa namna anayoijua yeye.

Kamari, uchaguzi na takwimu za watu ishirini na watano

Bahati nasibu haina pesa ndani yake, mzee wangu wa Uvira. Waombaji wakizidi nafasi, sheria inakataza shule kuchagua kwa alama au kwa sura. Majina yanachanganywa na kuokotwa. Ndugu wa mwanafunzi aliyepo hupewa kipaumbele. Nafasi zisipojaa, na kwenye shule ndogo nyingi hazijai, anayeomba anaingia tu. Kwa hiyo "ameshinda" ni neno la furaha zaidi kuliko uhalisia. Halisemi lolote kuhusu ubora.

Lakini nisiwe malaika. Kutochagua kisheria na kutochagua kweli ni mambo mawili. Shule isiyo na basi imeshamchagua mwenye gari. Shule yenye fomu ya Kiingereza peke yake, iliyofungwa Februari, imemchagua mzazi anayejua mambo ya Februari. Na mtoto mwenye ulemavu ana haki ileile kwenye chata, ila mzazi wake akiambiwa kwa upole kwamba "hapa hatutamfaa," wengi hawarudi. Hizo ndizo lawama ambazo wapinzani wa shule hizi wanazitoa, na zina uzito.

Ubora sasa. Watafiti wa CREDO, kituo cha Chuo Kikuu cha Stanford, walitoa mwaka 2009 utafiti uliovunja watu moyo: katika hesabu, asilimia 17 ya shule za chata zilizishinda za jirani, asilimia 37 zilishindwa, zilizobaki hazikuwa na tofauti. Mwaka 2023 kituo hichohicho kikatoa matokeo mengine: kwa wastani watoto wa chata walikuwa mbele kwa kiasi kinacholingana na siku 16 za masomo katika kusoma na siku 6 katika hesabu, na watoto weusi na wenye asili ya Amerika ya Kusini wanaotoka familia maskini walionekana kunufaika zaidi. Za mtandaoni zilikuwa nyuma vibaya, siku 124 katika hesabu. Kila upande wa ubishi una utafiti wake mfukoni, na wote wawili wanausoma ukurasa mmoja tu.

Hata hivyo, wastani wa taifa haumsaidii mama wa St. Paul. Anachokiona yeye ni ukurasa wa shule moja wenye asilimia ya wahitimu, na asilimia hiyo kwenye shule ndogo ina ujanja wake. Kundi la wahitimu likiwa na vijana 25, kila kijana ni asilimia nne. Wawili wakihamia Iowa na karatasi zao zikachelewa, shule imeporomoka kwa nane. Mwaka unaofuata kundi likiwa zuri, inapaa, na gazeti linaandika "mageuzi." Hakukuwa na mageuzi. Kulikuwa na watu wawili.

Kisha kuna saa. Kipimo kikuu cha Marekani kinahesabu waliomaliza ndani ya miaka minne tangu waingie darasa la tisa. Kijana aliyetoka Nyarugusu akiwa na miaka 15, Kifaransa kichwani na Kiingereza cha salamu, hamalizi kwa miaka minne, na si kwa uzembe. Minnesota inamruhusu kusoma bure hadi miaka 21. Akimaliza mwaka wa sita ana cheti kilekile cha wengine, lakini kwenye safu ya miaka minne shule yake imeandikiwa sifuri. Shule inayowapokea waliochelewa, kama ile ya kwanza ya 1992, itaonekana mbaya kwa kufanya kazi iliyoombwa kuifanya. Jimbo linachapisha pia safu za miaka mitano, sita na saba. Soma hizo.

Liko jambo jingine la huko ambalo linatugusa sisi moja kwa moja. St. Paul ina Higher Ground Academy, shule ya chata iliyoanza mwaka 1999, ambayo wanafunzi wake wengi wana asili ya Afrika Mashariki, hasa familia za Kisomali na za Ethiopia. Wazazi wanazipenda shule za namna hiyo: mtoto hachekwi jina, hijabu si habari, walimu wanaijua Ramadhani. Wanaopinga wanasema huko ni kurudisha ubaguzi kwa hiari, watoto weusi peke yao, maskini peke yao. Kesi iliyofunguliwa mwaka 2015 dhidi ya jimbo kuhusu utengano wa rangi shuleni imefika Mahakama ya Juu ya Minnesota mara mbili, 2018 na 2023, na shule za chata zimo katikati ya ubishi. Mimi naegemea upande wa wazazi, kwa sababu wao ndio wanaomwona mtoto akirudi saa tisa. Lakini najua pia kwamba kijana atakayetafuta kazi mji huohuo atahitaji kuwajua watu wasiofanana naye, na sina jibu la kumpa anayeniambia hivyo.

Mlango unaofungwa

Lile la kufungwa halikuwa mzaha. Mwidhinishaji anaweza kukataa kuongeza mkataba. Mara nyingi zaidi pesa ndiyo inayoisha, kwa hesabu ileile ya vichwa. Ohio kulikuwa na shule kubwa ya mtandaoni, ECOT. Jimbo lilikagua, likasema imelipwa kwa wanafunzi ambao haikuweza kuthibitisha kuwa walisoma, likadai zaidi ya dola milioni 60. Januari 2018, katikati ya mwaka, ikafungwa, na maelfu ya watoto wakatafuta shule wakati wa theluji. Mtoto hapotezi haki ya kusoma. Wilaya anamoishi ni lazima impokee. Anachoweza kupoteza ni kumbukumbu zake za masomo aliyofaulu. Kwa hiyo kila mwisho wa muhula chukua nakala ya rekodi yake, iweke pale unapoweka pasipoti.

Nilimwandikia yule mama aulize mambo machache. Mwidhinishaji ni nani na mkataba unaisha lini. Septemba walianza wangapi, na Mei walibaki wangapi, kwa idadi na wala si kwa asilimia. Mwalimu wa hesabu amekaa miaka mingapi. Nani anafundisha Kiingereza kwa wageni, na kwa saa ngapi. Basi lipo?

Alijibu kundini baada ya siku tatu. Mkataba una miaka miwili mbele. Walianza 96, wakabaki 83, na mkuu wa shule alimtajia kila mmoja wa wale 13 alikokwenda bila kufungua daftari. Mwalimu wa hesabu ana miaka tisa. Maabara ni chumba chenye sinki.

"Nimekubali," aliandika. "Basi linapita saa kumi na mbili na dakika kumi asubuhi, kituo kiko mbali na nyumba, na Januari hapa ni chini ya sifuri. Nani ana koti la msichana wa miaka kumi na sita?"